Kati ya Kidole na Picha: Kuchelewa kwa Kamera Ndogo za Dijitali

Hotuba kwa wapiga picha vijana wa Bagamoyo

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, wazee mliotangulia katika kazi ya upigaji picha, na nyinyi vijana mliojaza viti vya mbele: nawasalimu kwa heshima, na nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo watengenezaji wa kamera hawakupenda kulitaja kwa miaka mingi, nalo ni muda unaopita tangu kidole kinapobonyeza kitufe mpaka picha yenyewe inapochukuliwa.

Wengi wenu mmeanza kununua kamera ndogo za dijitali za miaka ya 2000 na ya mwanzoni mwa 2010, zile za mtumba zinazoingia mfukoni, kwa sababu mnazipenda rangi zake na mwanga wa flashi yake, na kwa sababu bei yake inavumilika. Sina ugomvi na chaguo hilo. Hata hivyo, malalamiko ninayoyasikia kwenu ni yale yale tuliyoyatoa sisi kamera hizi zilipokuwa mpya madukani: unamlenga mwanasarakasi akiwa hewani, unabonyeza, na picha unayoipata ni ya mtu aliyekwisha kutua anayejipangusa mchanga. Mwenye kamera husema chombo ni kibovu, akakirudisha kwa muuzaji, naye muuzaji akakiuza kwa mwingine ambaye atasema maneno hayo hayo. Mara nyingi chombo hakina ubovu wowote. Sehemu kubwa ya kuchelewa huko haiko kwenye shata, yaani kile kilango kinachofunguka na kufungwa ili kupitisha mwanga. Ni muda ambao kamera inautumia kuamua mambo ambayo mpiga picha alikuwa na nafasi ya kuyaamua mapema, akaiachia kamera iyaamue dakika ya mwisho.

Naomba tuanze na mruko, kwa kuwa mji huu ni mji wa miruko. Tangu Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa hapa mwaka 1981, chuo ambacho leo tunakiita TaSUBa, Bagamoyo haijakosa wacheza ngoma na wanasarakasi, na kila mwenye kamera amejaribu kuwanasa wakiwa juu. Mtu anayeunyanyua mwili wake nusu mita kutoka usawa aliorukia hukaa hewani kwa takriban sekunde 0.64, na nusu ya muda huo, yaani sekunde 0.32, huwa katika robo ya juu kabisa ya mruko wake. Hiyo ndiyo sababu tunamwona kama aliyetundikwa angani: pale juu mwendo wake umepungua mno, na kamera yenye haraka ya wastani ina theluthi ya sekunde ya kufanya kazi yake. Theluthi ya sekunde si kidogo, lakini inatosha tu kama hatuipotezi.

Wa kwanza kuipoteza ni sisi wenyewe. Jicho likiona jambo, kidole huchukua karibu sekunde 0.2 kuitikia, na hata Usain Bolt, alipokimbia fainali ya mita 100 mjini Beijing mwaka 2008, alichukua sekunde 0.165 kuitikia mlio wa bastola. Kwa hiyo mpiga picha anayesubiri mpaka amwone mwanasarakasi yuko kileleni, ndipo abonyeze, amekwisha kuchelewa kabla kamera haijaanza: mrukaji anashuka, na zimebaki kama sekunde 0.12 tu atue. Hapo hata kamera isiyochelewa kabisa ingempiga akiwa tayari anashuka. Kamera inayoongeza nusu sekunde yake itampata amesimama zamani.

Kwa wale mnaopenda riadha kuliko sarakasi, mkumbukeni Filbert Bayi, Mtanzania mwenzetu, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Gawanyeni masafa kwa muda, mtaona alikuwa akimaliza zaidi ya mita 7 kila sekunde, tena kwa wastani wa mbio nzima. Kamera inayochelewa sekunde 0.7 ingemwacha akimbie karibu mita 5 baada ya kidole kubonyeza. Ukiwa umesimama ukingoni mwa njia ya kukimbilia, hizo mita 5 zinatosha kumtoa kabisa ndani ya fremu, ukabaki na picha nzuri ya majani.

Sasa muda huo unakwenda wapi? Unapobonyeza kitufe moja kwa moja hadi mwisho, kamera inalazimika kupima mwanga na kuchagua kasi ya shata na upana wa tundu la lenzi, kukadiria rangi ya mwanga uliopo, kusogeza lenzi mpaka mlengwa aonekane kwa ukali, na kuiandaa sensa, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Katika kamera nyingi za zamani zenye sensa ya aina ya CCD, maandalizi hayo ya sensa yana hatua zake, kwa sababu sensa ile ile iko katika shughuli ya kulisha kioo cha nyuma fremu hafifu zinazotuonyesha tunachokilenga. Ni lazima iache shughuli hiyo, ijisafishe chaji iliyokusanyika, ianze kupokea mwanga wa picha halisi, kisha shata ifungwe ili picha isomwe gizani. Yote hayo, ukiondoa fokasi, yaani huko kusogeza lenzi mpaka ukali upatikane, kwa kawaida humalizika ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde au chini ya hapo. Kinachokula nusu sekunde, sekunde nzima, na zaidi ya sekunde ukumbi ukiwa na giza, ni kutafuta fokasi.

Kamera ndogo nyingi hutafuta fokasi kwa kupima ukali wa kingo ndani ya picha. Husogeza lenzi hatua moja, ikasoma fremu, ikapima ni kwa kiasi gani weusi na weupe vimeachana, kisha ikasogeza tena na kupima tena. Tatizo ni kwamba kipimo kimoja peke yake hakiiambii kamera kama lenzi iko mbele ya mahali sahihi au nyuma yake, wala imebakiza umbali gani. Ni kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya kuzungusha kwa mkono: hawezi kujua kwamba sauti imefika kwenye ubora wake mpaka aipite, aisikie inaanza kukwaruza, ndipo arudi nyuma kidogo. Kamera nayo hupita kilele, ikaona ukali unapungua, ikarudi. Hii ndiyo ile mitetemo midogo mnayoisikia kwenye lenzi na kule kuona picha kwenye kioo ikififia na kurudi kabla ya alama ya kijani kuwaka.

Fikirini sasa juu ya mwanga. Kila hatua ya utafutaji inahitaji fremu, na kila fremu inahitaji mwanga. Mchana pwani, sensa inaweza kutoa fremu 30 kwa sekunde, hivyo utafutaji wa hatua kumi unakwisha ndani ya theluthi ya sekunde. Ndani ya ukumbi wa harusi wenye taa za rangi, kila fremu inahitaji kukaa muda mrefu zaidi ili ionekane, kasi ikashuka labda mpaka fremu 10 kwa sekunde, na hatua zile zile kumi zikala sekunde nzima. Kamera haikubadilika wala haikuchoka. Imenyimwa mwanga wa kupimia. Ukivuta lenzi mpaka mwisho ili umlete mtu karibu, mambo huzidi kuharibika, kwa maana tundu la lenzi katika urefu huo huwa dogo zaidi, kina cha ukali, yaani eneo la mbele na nyuma ya mlengwa linaloonekana kwa ukali, kimepungua, na lenzi ina safari ndefu zaidi ya kufanya. Ushauri wangu kwa kazi ya ukumbini ni kuiacha lenzi kwenye upana wake, yaani bila kuivuta, na kusogea kwa miguu, hata kama wenye shughuli watakutazama kwa jicho baya kidogo.

Jambo la pili ni unakoielekeza kamera. Kwa kuwa inatafuta kingo, ukiielekeza mahali pasipo kingo itahangaika bure. Kifua cha kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vizuri hakina cha kupima. Sogeza mraba wa katikati kwenye kofia ya viua au kwenye ukosi, na fokasi itapatikana mara moja. Kanga ni rafiki mkubwa wa kamera hizi, kwa sababu pindo lake na maandishi ya jina lake ni kingo tupu. Baharini, katikati ya tanga jeupe ni mahali pabaya pa kulengea, ilhali ukingo wa tanga, foromali au mlingoti unaosimama dhidi ya anga ni mahali pazuri sana, hasa asubuhi, wakati jua letu la Bagamoyo linapochomoza kutoka baharini na majahazi yanaonekana meusi mbele yake. Kuna kamera ambazo vijitabu vyake vya maelezo viliandika waziwazi kwamba hazioni vizuri vitu visivyo na mistari ya wima, kwa kuwa zinapima ukali kwa kufuata safu za mlalo za sensa. Ukiielekeza kamera ya namna hiyo kwenye mstari wa upeo wa bahari itazunguka na kukata tamaa. Dawa yake ni kuisimamisha wima, kupata fokasi kwa kubonyeza nusu, kisha kuirudisha mlalo bila kuachia kitufe.

Hali haikulazimika kuwa hivi, na hapa nitachepuka kidogo. Kamera ndogo za filamu zilikuwa na fokasi ya kujiendesha tangu Konica ilipotoa C35 AF mwaka 1977, na mwaka 1979 Canon ilitoa AF35M iliyorusha mwali usioonekana wa infraredi na kukadiria umbali kutokana na pembe ya mwali uliorudi. Vipimo vya namna hiyo vilifanywa na vidirisha vidogo vilivyokuwa mbele ya kamera, nje ya lenzi, na kamera ilijua umbali kabla ya kusogeza chochote. Dijitali ilipokuja, watengenezaji wengi waliona kwamba sensa tayari ipo na inaweza kufanya kazi ya fokasi bila gharama ya kidirisha cha ziada, wakakiondoa. Ricoh ni miongoni mwa waliokataa njia hiyo: GR Digital ya mwaka 2005 ilikuwa na kipimaji cha nje kilichosaidiana na sensa. Kwa maoni yangu, uamuzi wa wale wengine ulikuwa wa kihasibu, na mnunuzi ndiye aliyelipa tofauti kwa picha alizozikosa.

Mnunuzi huyo hakuwa na njia ya kujua. Sanduku la kamera lilitangaza megapikseli kwa herufi kubwa, likatangaza uwezo wa kuvuta, likatangaza ukubwa wa kioo. Muda wa kuchelewa, kama uliandikwa, uliandikwa kwa namna ambayo kila kampuni iliona inapendeza, mmoja akihesabu tangu mwanzo wa kubonyeza, mwingine akihesabu baada ya fokasi kukamilika. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa kiwango namba 15781 mwaka 2013, ambacho kinatenganisha muda wote wa kupiga picha pamoja na fokasi, muda wa kuachia shata pale fokasi ikiwa tayari, kasi ya kupiga mfululizo, na muda wa kamera kuwaka. Mgawanyo huo ni mzuri na nitautumia hapa chini. Lakini angalieni mwaka wenyewe: mauzo ya kamera za dijitali duniani yalifikia kilele mwaka 2010, zaidi ya kamera milioni 120 zikisafirishwa katika mwaka huo mmoja, na kufikia 2013 soko la kamera ndogo lilikuwa linaporomoka mbele ya simu. Kipimo cha haki kilifika wakati wateja wanaondoka.

Teknolojia nayo ilipata nafuu katika miaka hiyo hiyo. Fujifilm ilitoa FinePix F300EXR mwaka 2010, kamera ndogo ambayo baadhi ya pikseli za sensa yake zililinganisha mwanga unaoingia kutoka upande mmoja wa lenzi na ule wa upande wa pili, na kwa kulinganisha huko ikajua mara moja upande wa kusogea na umbali wa kusogea, bila kupapasa. Kampuni ilitangaza fokasi ya sekunde 0.158. Sony RX100 V ya mwaka 2016 ilitangazwa kwa sekunde 0.05. Anayeweza kupata kamera ya aina hii kwa bei nzuri, na aipate, ingawa nyingi zinazofika mikononi mwenu ni za miaka ya kabla ya hapo.

Simu zenu zimewafundisha tabia nyingine kabisa, na ni vizuri muijue ili msiidai kamera kitu isichokuwa nacho. Tangu Android 4.0 ya mwaka 2011 na simu ya Galaxy Nexus iliyotoka nayo, simu zilianza kuhifadhi fremu kamili mfululizo katika kumbukumbu ya muda wakati wote programu ya kamera ikiwa wazi, na mtumiaji anapogusa kitufe, simu huchagua fremu ambayo tayari imekwisha kupita. Casio ilikuwa imeonyesha jambo linalofanana na hilo katika Exilim EX-F1 ya mwaka 2008, iliyopiga hadi picha 60 kwa sekunde na kuweza kuhifadhi zile zilizotangulia kubonyezwa kwa kitufe. Kamera yenu ya mfukoni ya mwaka 2006 haina kumbukumbu hiyo wala mwendo huo wa sensa. Inaanza kazi pale tu mnapoiamuru.

Flashi inastahili maneno yake. Kamera hizi hurusha mmweko mdogo wa kupimia kabla ya mmweko wa picha, na hilo lina gharama yake ndogo ya muda. Gharama kubwa iko kwenye ile modi ya kuzuia macho mekundu, yenye alama ya jicho, ambayo huwasha taa au mimweko kadhaa kwa takriban sekunde nzima ili mboni za macho zisinyae, ndipo picha ichukuliwe. Bibi harusi huona mmweko wa kwanza, akadhani picha imekwisha, akageuka kumsalimu shangazi yake. Picha halisi ikapata utaji na sikio. Izimeni modi hiyo siku zote, na macho mekundu myafute baadaye kwenye kompyuta. Kisha kuna muda wa flashi kujijaza, kwa maana taa yake inahitaji kondensa, yaani kihifadhi umeme chake, ijae umeme wa takriban volti 300, na betri mbili za AA zinafanya kazi hiyo kwa taabu. Betri za kawaida za tochi hazifai kabisa hapa. Betri za kuchaji za NiMH, ijapokuwa volti yake iliyoandikwa ni 1.2 badala ya 1.5, hutoa mkondo mkubwa bila kulegea, na tofauti mtaiona siku hiyo hiyo. Kondensa hiyo hiyo ndiyo sababu ya kuwaomba msifungue kamera yenye flashi kwa bisibisi nyumbani, hata ikiwa imezimwa.

Kuhusu kadi ya kumbukumbu, nitasema kwa ufupi kwa kuwa wauzaji wamelikuza kuliko thamani yake. Kadi yenye kasi haipunguzi hata kidogo muda kati ya kidole na picha. Inachoweza kupunguza ni muda wa kusubiri baada ya picha, wakati kamera inapoiandika. Kamera ya kwanza ya dijitali, aliyoitengeneza Steven Sasson huko Kodak mwaka 1975, iliipokea picha kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha ikatumia sekunde 23 kuiandika kwenye kanda ya kaseti. Kupiga na kuandika vilikuwa vitu viwili tangu siku ile. Tahadhari moja tu: kamera nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2006 hazisomi kadi za SDHC, yaani zile za kuanzia gigabaiti 4, hivyo tafuteni kadi ndogo ya gigabaiti 2 au chini ya hapo kabla hamjamlaumu muuzaji.

Nimefika kwenye dawa, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo. Kitufe cha kupigia kina hatua mbili, na wengi wenu hamuitumii ile ya kwanza kama inavyopasa. Ukibonyeza nusu na kushikilia, kamera hupima mwanga, hutafuta fokasi, kisha huvifunga vyote viwili. Kinachobaki ni ule muda mfupi wa kuachia shata, ambao katika kamera nyingi ni kama sehemu ya kumi ya sekunde au pungufu. Kamera ile ile iliyochelewa sekunde nzima inageuka kuwa kamera inayoendana na kidole. Sharti lake ni kwamba ujue tukio litatokea wapi. Mwanasarakasi anaruka mahali anapojulikana. Muulize, au mtazame anavyofanya mazoezi, kisha lenga kitu kilicho umbali ule ule, bonyeza nusu, shikilia, na ubonyeze hatua ya pili anapoanza kujivuta juu, bila kungoja afike kileleni. Mnadi samaki kule sokoni ufukweni ana mdundo wake wa kunyanyua mkono. Ukimsikiliza kwa muda utaujua, na kidole chako kitatangulia kidogo tu.

Angalizo ni kwamba kubonyeza nusu hufunga mwanga pamoja na fokasi. Ukiilenga kamera kwenye mchanga mweupe unaowaka jua ili upate umbali, halafu ukaigeuzia kwa watu waliosimama kivulini chini ya mwembe, watu watatoka weusi. Kilengwa cha kupatia fokasi kiwe katika umbali ule ule na katika mwanga ule ule.

Iko njia ya pili, ambayo naipenda zaidi kwa sababu inaiachisha kamera kutafuta kabisa. Sensa ya kamera nyingi za mfukoni ni ndogo mno: ile inayoitwa ya inchi 1/2.5 ina upana wa takriban milimita 5.8 na kimo cha milimita 4.3, na lenzi yake katika upana wake ina urefu wa kama milimita 6. Udogo huo ambao tumezoea kuulaumu unaleta neema moja. Kwa tundu la f/2.8, lenzi hiyo ikiwekwa fokasi kwenye mita 2.6, kila kitu kuanzia mita 1.3 hadi mbali kabisa kitakuwa na ukali unaotosha kwa picha ya kawaida ya kuchapa. Kamera kubwa yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya milimita 35, kwa mandhari ya upana unaokaribiana na tundu lile lile, ingelazimika kuwekwa karibu mita 15 ili ipate neema hiyo, na walio karibu wangepotea. Basi kama kamera yako ina fokasi ya mkono, iweke mita mbili na nusu na uiache hapo; kwenye GR Digital kuna modi ya snapu iliyofanywa kwa kusudi hili hili. Kama haina, tafuta alama ya mlima, ambayo kwa kamera nyingi hufunga fokasi mbali; watu walio mita tatu na kuendelea watakuwa sawa mchana. Jambo hili halifanyi kazi ukivuta lenzi, kwa hiyo iacheni kwenye upana.

Kuna ucheleweshaji mwingine ambao kubonyeza nusu hakuutibu, nao ni wa kioo cha nyuma. Unachokiona kwenye kioo kimesomwa kwenye sensa, kikachakatwa, kikaonyeshwa. Kwa hiyo kimekwisha kupita, na usiku, fremu zinapokuwa chache, unatazama jambo lililopita zaidi. Kamera nyingi za zamani zina kitundu kidogo cha kuchungulia juu ya lenzi, ambacho ni vioo vitupu visivyo na umeme. Kinakosea kidogo mipaka ya picha, hasa kwa kitu kilicho karibu, lakini hakichelewi hata chembe, na ukizima kioo cha nyuma betri inadumu. Kwa ngoma na michezo mimi hutumia kitundu hicho tu.

Ninamaliza na namna ya kupima, kwa sababu muuzaji hatakupimia. Nenda dukani na betri iliyochajiwa na kadi unayoiamini. Fungua saa ya kuhesabia kwenye simu, ile inayoonyesha sehemu za mia za sekunde, na uielekezee kamera. Bonyeza kitufe moja kwa moja mpaka mwisho ukikusudia namba kamili, tuseme 5.00, kwa kutangulia na hesabu inavyokwenda, si kwa kusubiri uione. Itazame picha: ikiwa inaonyesha 5.70, kamera imechelewa takriban sekunde 0.7. Rudia mara kadhaa, kwa maana kidole nacho kina makosa yake, na uchukue wastani. Kisha fanya tena ukiwa umebonyeza nusu na kushikilia. Tofauti kati ya vipimo viwili ndiyo gharama ya fokasi, na kipimo cha pili ndicho utakachokuwa nacho ukifanya kazi kwa njia niliyoieleza. Usitegemee usahihi wa chini ya sehemu ya sitini ya sekunde, kwa kuwa vioo vya simu nyingi hubadilisha picha mara 60 tu kwa sekunde.

Ili kupima kioo cha nyuma, iache saa mbele ya kamera, uombe simu ya pili, na upige picha moja inayoonyesha saa yenyewe pamoja na sura yake ndani ya kioo cha kamera. Toa namba ndogo kwenye kubwa. Vipimo hivi vyote vifanyike mara moja nje kwenye mwanga na mara moja ndani ya duka mbali na mlango, na kama kamera inapata fokasi nje lakini ndani inakwenda na kurudi bila kuifikia hata kwenye maandishi meusi ya boksi jeupe, hiyo sasa ndiyo kamera mbovu, na bei yake muijadili upya au mwachieni mwenyewe.